Sarn, Sam na Kitabu Kilichorekebishwa kwa Miaka Hamsini

Leo siandiki juu ya PHP, wala seva, wala simu mpya. Leo naandika juu ya mapenzi. Usiwe na wasiwasi, mapenzi yenyewe ni ya kitabu, na kabla sijamaliza tutakuwa tumerudi kwenye kompyuta.

Mapema mwaka wa 2017 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma hapa Kenya waligoma. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nikisomea sayansi ya kompyuta. Nilirudi nyumbani mashambani na flashi moja ambayo rafiki niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa amenijazia filamu, nyimbo, na faili moja ya PDF yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Ilikuwa The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, ya J.R.R. Tolkien. Filamu zake nilikuwa nimezitazama. Kitabu sikuwa nimekigusa. Mgomo ukaendelea, wiki baada ya wiki, nami nikaanza kusoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, chini ya blanketi.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni mtu aitwaye Sarn.

Kama hujakisoma, hadithi kwa ufupi ni hii. Frodo, kiumbe mdogo wa jamii ya hobbit, anarithi pete yenye nguvu za uovu, na inambidi aipeleke hadi kwenye mlima wa moto ilikofuliwa ili ikaangamizwe humo. Anayemfuata hadi mwisho ni Sam, mtunza bustani wake. Lakini kwenye PDF yangu, kila baada ya kurasa chache Sam alitoweka na Sarn akajibu badala yake. Nilidhani ni ndugu yake. Sarn anapika. Sarn analia. Kisha nikafika mahali wanaposhuka mto mkubwa kwa mitumbwi na kukuta maporomoko yaitwayo Sarn Gebir. Nikajiambia, kumbe huyu Sarn ni mtu mzito, hata mto umepewa jina lake!

Bila shaka umeshajua kilichotokea. Mtu alikuwa amepitisha kitabu kwenye skana, na programu ya kutambua herufi ikaiona m kuwa r na n. Ilikuwa nakala ya wizi, na makosa yake yalikuwa ya wizi pia. Lakini hata hivyo nilinaswa. Sijui nieleze vipi. Kila jina la mlima au mto lilionekana kuwa na historia nyuma yake, kana kwamba mwandishi alikuwa amelifikiria kwa miaka na kuniambia sehemu ndogo tu. Nilipomaliza, alfajiri moja jogoo wakiwika, nilirudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya.

Miaka miwili baadaye, nikiwa na pesa zangu za kwanza za kazi, nilinunua nakala halisi kutoka kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara jijini Nairobi. Mwanzoni, kabla ya hadithi, kulikuwa na kurasa chache za maelezo kuhusu matini yenyewe, zilizoandikwa na mtafiti wa Marekani Douglas A. Anderson. Nadhani wasomaji wengi huziruka. Mimi nilizisoma kama ninavyosoma orodha ya mabadiliko ya programu, na nikagundua kwamba Sarn wangu hakuwa wa kwanza. Kitabu hiki kimekuwa kikiharibika na kurekebishwa tangu siku ya kwanza. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia, maana ndiyo iliyonifanya nikipende mara ya pili.

Toleo lililobadilishwa kimyakimya

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, na akapelekwa Uingereza na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa katika mapambano ya Somme mwaka wa 1916, akaugua homa ya mahandaki na kurudishwa nyumbani. Ni wakati huo alipoanza kuandika visa vya ulimwengu wake wa kubuni. Baada ya vita alifanya kazi kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, na mwaka wa 1925 akawa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kazi yake ilikuwa maneno, yaani yalikotoka, yalivyobadilika, na makosa ya wanakili wa zamani waliokosea herufi moja wakawaachia wasomi mabishano ya karne nzima. Kumbuka jambo hilo, maana yeye mwenyewe alikuja kufanyiwa hivyohivyo.

Tarehe 21 Septemba 1937 kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilichapisha kitabu chake cha watoto, The Hobbit. Mswada ulikuwa umepewa kwanza mtoto wa mwenye kampuni, Rayner Unwin, mvulana wa miaka 10, aandike ripoti kwa malipo ya shilingi moja. Akasema ni kizuri. Shilingi hiyo ilizaa matunda kuliko hisa nyingi ninazozijua.

Katika kitabu hicho Bilbo Baggins anakutana na Gollum chini ya ardhi, wanashindana kwa vitendawili, na Bilbo anaondoka na pete. Katika toleo la 1937, Gollum alikuwa ameahidi kuitoa pete kama zawadi. Aliposhindwa na kuikosa, aliomba radhi, akamwonyesha Bilbo njia ya kutoka. Basi. Wakaachana kwa amani.

Shida ikaja baadaye. Tolkien alipokuwa akiandika hadithi ya pili, pete ile iligeuka kuwa kitu ambacho hakuna aliyekishika anaweza kukitoa kwa hiari. Gollum wa 1937 hakuweza kuishi katika ulimwengu huo. Waandishi wa programu mnajua hali hii. Umejenga mfumo mpya, na ule wa zamani ambao watu tayari wanautumia haupatani nao.

Mwaka wa 1947 Tolkien alimtumia mchapishaji mfano wa jinsi sura hiyo ingeweza kuandikwa upya. Kwake ulikuwa mfano tu. Mwaka wa 1950 aliletewa kurasa za kusahihisha za toleo jipya, akashangaa kukuta mfano wake umeshaingizwa ndani. Aliukubali, na toleo la 1951 likatoka na Gollum mwingine kabisa, mwenye hila, anayepanga kumuua mgeni wake.

Sasa, nakala za zamani zingefanywa nini? Hapa ndipo nilipomvulia profesa kofia. Badala ya kujifanya hazipo, alizifanya kuwa sehemu ya hadithi. Alieleza kwamba simulizi ya kwanza ni ile Bilbo aliyowadanganya wenzake, kwa sababu pete ilikuwa imeanza kumharibu, na kwamba simulizi ya pili ndiyo ukweli. Kwa hiyo mwenye nakala ya 1937 hana kitabu kibovu. Ana ushahidi wa uongo wa Bilbo. Katika miaka yangu michache ya kazi sijaona kiraka kilichoshonwa vizuri kuliko hicho.

Miaka kumi na miwili ya rasimu

Mchapishaji aliomba hadithi nyingine ya hobbit. Tolkien alianza Desemba 1937, akidhani ni kazi ya muda mfupi. Alifikia mwisho wa hadithi na kuusafisha mswada mnamo 1949.

Ukiziangalia rasimu zake za mwanzo utacheka. Frodo aliitwa Bingo. Aragorn, mfalme aliyejificha, alikuwa hobbit aliyevaa viatu vya mbao, jina lake Trotter. Mwandishi mwenyewe hakujua ni nani. Alisukuma hadithi mbele, akakwama, akarudi mwanzo, akaandika upya. Vita vya Pili vya Dunia vilipofanya karatasi kuwa adimu, aliandika nyuma ya karatasi za mitihani za wanafunzi. Wahusika walipofika kwenye kaburi la Balin ndani ya machimbo ya Moria, alisimama kwa muda mrefu. Mwaka wa 1944 alikuwa akimtumia mwanawe Christopher sura mpya huko Afrika Kusini, alikokuwa akifunzwa urubani. Aligundua pia kwamba mwezi wake wa angani haulingani: kundi moja la wahusika linaona mwezi mpevu usiku ambao wenzao, mahali pengine, hawapaswi kuuona. Akarudi kupanga upya tarehe. Kisha, kwa kukosa pesa za kumlipa mpiga chapa, aliipiga taipu kazi hiyo yote mwenyewe.

Huwa nafikiria juu ya hilo ninapolalamika kwamba mradi umechukua miezi minne.

Hata hivyo kitabu kilikosa kuchapishwa kwa miaka mingine kadhaa. Tolkien alitaka kitoke pamoja na The Silmarillion, mkusanyiko wa visa vya enzi za kale za ulimwengu wake, na mchapishaji hakutaka. Akajaribu kampuni nyingine, mazungumzo yakavunjika mwaka wa 1952. Ndipo Rayner Unwin, yule mvulana wa shilingi moja, sasa mtu mzima katika kampuni ya baba yake, alipokichukua. Alikadiria kwamba huenda kampuni ingepoteza pauni 1,000, akamwuliza baba yake, naye akakubali hasara hiyo. Mkataba ulikuwa wa ajabu. Tolkien hangelipwa chochote hadi gharama zirudi, na baada ya hapo angepata nusu ya faida. Kwa kitabu ambacho hakuna aliyetarajia kitauzwa, ulikuwa mkataba mbaya. Kwa kitabu hiki, ulimfanya mtu tajiri.

Kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, kazi moja ilikatwa vipande vitatu. Cha kwanza kilitoka tarehe 29 Julai 1954, cha pili tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, na cha tatu tarehe 20 Oktoba 1955. Wengi huviita vitabu vitatu vya mfululizo. Kwa mwandishi kilikuwa kimoja.

Mafundi waliosaidia bila kuombwa

Wakati huo vitabu vilipangwa kwa herufi za risasi. Wapanga herufi walikuwa watu wenye ujuzi, na ujuzi wao ndio ulioleta taabu. Tolkien aliandika dwarves, wao wakairekebisha kuwa dwarfs, kwa kuwa ndivyo kamusi ilivyosema. Aliandika elven, wakaweka elfin. Fikiria unapeleka kazi yako, kisha programu ya kusahihisha tahajia inabadilisha kila neno ulilolichagua kwa makusudi. Tena unayesahihishwa ni mtu aliyewahi kuandika kamusi yenyewe! Ilimbidi mzee akae na kurasa zile ayarudishe maneno yake moja baada ya jingine.

Kosa kubwa zaidi lilitokea bila yeye kujua. Chapa ya kwanza ya juzuu ya kwanza ilikuwa ya nakala 3,000 hivi, nayo ilimalizika upesi. Wachapaji walipotaka kurudia, herufi za risasi zilikuwa zimeshabomolewa zitumike kwa kazi nyingine. Wakazipanga upya kitabu kizima, kimyakimya, pasipo kumwambia mwandishi. Mkono wa binadamu ukipanga mamia ya kurasa upya hukosea. Maneno madogo yakabadilika hapa na pale, na kwa miaka mingi hakuna aliyetambua, kwa sababu kila aliyesoma aliamini kwamba hicho ndicho kitabu chenyewe.

Hapo nilimkumbuka Sarn wangu. Mimi pia niliamini.

Wizi ulioleta wasomaji

Sasa tuje kwenye jambo linalonigusa mimi niliyesoma kwa PDF ya bure.

Mchapishaji wa Marekani, Houghton Mifflin, alikuwa akiagiza kurasa zilizochapwa Uingereza. Sheria ya Marekani ya wakati huo ililinda wachapaji wa nchini, na iliweka kikomo cha nakala 1,500 kwa vitabu vilivyoagizwa kwa namna hiyo. Kikomo kikapitwa. Mwaka wa 1965 kampuni ya Ace Books, chini ya mhariri Donald A. Wollheim, iliamua kwamba kitabu hakina hakimiliki Marekani, ikakichapisha kwa jalada la karatasi, senti 75 kila juzuu, bila kumlipa mwandishi hata senti.

Tolkien, mwenye umri wa miaka 73, alikuwa na njia moja ya kujibu. Alirekebisha kitabu, ili toleo jipya lipate ulinzi usio na shaka. Kampuni ya Ballantine ikalitoa Oktoba 1965 kwa senti 95, na nyuma ya jalada kukawa na tangazo lake la kuwaomba wasomaji wanunue hilo na si lingine. Pia alipowajibu wapenzi wake wa Marekani kwa barua, aliwaeleza kuhusu jambo hilo. Habari zikasambaa. Mwaka wa 1966 Ace ilikubali kumlipa mrabaha na kutochapisha tena bila ruhusa. Mwaka wa 1992 mahakama ya Marekani ilithibitisha kwamba hakimiliki ya mwanzo ilikuwa halali siku zote.

Lakini tuseme ukweli wote. Kabla ya 1965 kitabu hiki kilikuwa cha jalada gumu na bei ngumu. Ni senti 75, na kelele za ugomvi wenyewe, zilizokifikisha mikononi mwa wanafunzi. Vyuoni Marekani kikawa kama moto wa kiangazi. Sitetei wizi. Naishi kwa kuandika programu, na nimewahi kuona kazi yangu ikiuzwa na mtu ambaye hakuandika mstari hata mmoja. Nasema tu kwamba mimi ni mmoja wa watu walioingilia mlango wa nyuma, na ndiyo maana nililipia nakala halisi mara tu nilipoweza.

Wizi ule pia uliacha alama ndani ya kitabu. Marekebisho ya 1965 yaliingia katika toleo la pili, ambalo Uingereza lilitoka mwaka wa 1966. Marekebisho yalikuwa mazuri. Kupanga herufi upya kukaleta makosa mapya. Sasa kulikuwa na matini za nchi mbili zisizolingana, kila moja na makosa yake. Yeyote aliyewahi kuwa na matawi mawili ya msimbo uleule katika ofisi mbili anajua usingizi unavyopotea.

Watu wetu

Miongoni mwa wanafunzi wa Marekani waliosoma nakala hizo za bei rahisi walikuwa watu waliokuwa wakijenga taaluma yetu. Katika maabara ya akili bandia ya Stanford, miaka ya 1970, vyumba vilipewa majina ya mahali kutoka kitabuni, na palikuwa na fonti ya maandishi ya Elvish aliyoyabuni Tolkien. Will Crowther aliandika mchezo wa pango, Adventure, kati ya 1975 na 1976, na Don Woods wa Stanford akauongeza mwaka wa 1977 kwa mambo yenye harufu ya Tolkien. Mwaka wa 1982 kampuni ya Beam Software ya Melbourne ilitoa mchezo wa The Hobbit, ulioandikwa na Veronika Megler na Philip Mitchell. Mwaka wa 1983 ukaja mchezo uitwao Moria. Na ukifungua msimbo asili wa lugha ya Perl, ambayo Larry Wall aliitoa mwaka wa 1987, utakuta mafaili ya C yakianza na nukuu kutoka The Lord of the Rings.

Kwa nini sisi? Nadhani ni kwa sababu tuliona mfumo. Kalenda zake zinalingana, ramani ina umbali unaopimika, lugha zina sarufi. Mtu alikuwa amejenga ulimwengu kwa nidhamu, akaufanyia majaribio, akaurekebisha. Wapo wahakiki waliouona ulimwengu huo kama mchezo wa watoto. Watu wa kompyuta waliuona kama kazi ya uhandisi, nao wakaupenda kwa sababu hiyo.

Kompyuta yenyewe inaingia

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973. Mwanawe Christopher, yule aliyekuwa akitumiwa sura Afrika Kusini, alichukua masanduku ya karatasi za baba yake. Akatoa The Silmarillion mwaka wa 1977, kisha juzuu 12 za historia ya rasimu zote kati ya 1983 na 1996. Miswada ya The Lord of the Rings ilikuwa Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, ambacho kiliinunua mwaka wa 1957 kwa pauni 1,500. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana kulinganisha: hapa mwandishi aliandika nini, na kilichochapishwa ni nini?

Mwaka wa 1994, kwa mara ya kwanza, matini yote iliingizwa kwenye kompyuta. Lengo lilikuwa zuri sana, kuwe na chanzo kimoja ambacho matoleo yote yatatolewa humo. Na nini kikatokea? Makosa ya zamani kadhaa yalirekebishwa, mapya yakaingia. Baya kuliko yote lilikuwa katika sura ya pili, ambapo mstari mmoja wa maandishi yaliyo juu ya pete yenyewe ulidondoka. Katika kitabu kinachohusu pete! Baadaye, matini hiyo ilipohamishwa kwenye programu za kupanga kurasa, toleo mojawapo la juzuu ya kwanza lilipoteza sentensi mbili za mwisho za sura ya baraza la Elrond. Ziliyeyuka tu, bila maelezo.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki sana, na nitawaambia kwa nini.

Miaka mitatu iliyopita, katika kampuni fulani hapa Nairobi, nilipewa kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Niliandika hati ya programu, nikaijaribu kwa majina kumi, ikafanya kazi. Ijumaa jioni nikaiendesha yote. Hesabu ya safu ilikuwa sawa, hakuna ujumbe wa kosa, nikaenda nyumbani nikijisifu. Wiki iliyofuata mzee mmoja alikuja kuchukua malipo yake akaambiwa hayumo. Kitambulisho chake kilisema Ng'ang'a. Mfumo wangu ulisema Ng. Kila jina lenye ng' lilikuwa limekatwa kwenye alama ile, kwa sababu nilisahau kwamba kwa hifadhidata alama hiyo inamaanisha mwisho wa maneno. Katika majina kumi ya jaribio langu hakukuwa na hata moja la namna hiyo. Mzee alisafiri mara mbili kwa matatu, nauli yake, kwa ajili ya uvivu wangu. Nilimwomba radhi. Alinitazama akaniuliza, "Sasa kijana, na wewe kwenu hakuna Ng'ang'a?"

Yupo. Ni mjomba wangu.

Kwa hiyo ninaposikia juu ya mstari wa pete uliodondoka, najua ulivyodondoka. Hakuna aliyekusudia. Kulikuwa na mtu aliyehesabu kurasa, akaona zimetimia, akaenda nyumbani.

Miaka hamsini

Mwaka wa 2004, miaka 50 baada ya juzuu ya kwanza, toleo la kumbukumbu lilichapishwa. Wahariri wake, Wayne G. Hammond na Christina Scull, mke na mume, walipitia matini yote wakilinganisha na yaliyotangulia, wakifanya kazi pamoja na Christopher Tolkien. Walifanya marekebisho kati ya 300 na 400. Mengi ni alama ya koma, herufi kubwa, neno moja. Msomaji wa kawaida hangeona tofauti kati ya kitabu cha jana na cha leo. Wao waliyafanya hata hivyo, na palipokuwa na shaka waliacha kama palivyokuwa. Hilo la mwisho nalipenda zaidi. Mafundi wa 1954 hawakuwa na shaka.

Christopher alifariki Januari 2020, akiwa na miaka 95. Alikuwa ameutumia karibu nusu ya maisha yake kuhakikisha kwamba tunachosoma ni kile baba yake alichoandika.

Watu huniuliza kwa nini nasoma kitabu kilekile kila mwaka. Zamani nilijibu kwamba ni kwa sababu ya hadithi. Hadithi bado naipenda, na bado nafuta machozi mahali palepale. Lakini sasa nikikifungua naona pia mikono iliyokipitisha hadi kwangu: mvulana wa shilingi moja, profesa anayerudisha maneno yake mahali pake, mwana aliyezeeka juu ya karatasi za baba yake, watu wawili wanaobishana juu ya koma. Wote walikataa kusema "inatosha". Kazini kwangu siku hizi data haihami mpaka watu wawili wamesoma safu kwa macho, na orodha ya majaribio huanza na Ng'ang'a.

Namalizia na habari ya Sarn, maana najua mtauliza. Ile PDF bado ninayo. Mwezi uliopita mpwa wangu wa darasa la nane alianza kuniuliza juu ya filamu, nikasema kabla sijampa kitabu changu, ngoja nimchekeshe na ile faili. Nikaigeuza kuwa matini ya kawaida. Kisha, kama fundi niliyebobea, nikaandika amri moja: kila palipo na Sarn, weka Sam. Sekunde moja, kazi imekwisha, makosa mia kadhaa yamefutika. Nikajipongeza.

Siku mbili baadaye mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba," akasema, "kwani Sam ana ukoo na mto? Hapa kuna maporomoko yanaitwa Sam Gebir."

Nimempa kitabu.